Maisha ya al-Biruni, Mpima Dunia

Ni desturi ya gazeti letu kutoa kila muhula habari za maisha ya mtu mmoja mkubwa wa zamani, ili sisi tulio hai tujitazame katika kioo chake. Muhula huu Mhariri ameniomba mimi, mwalimu wenu wa Hisabati, niandike. Nimemchagua Abu Rayhan al-Biruni, mtu aliyefariki karibu miaka 1,000 iliyopita, mbali sana na hapa petu.

Nina sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza ni kwamba kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Nne huniuliza faida ya saini, kosaini na tanjenti, nami huwajibu kwa haraka haraka na wao huondoka wasiridhike. Ya pili ni deni. Mwaka jana nilifanya kosa kubwa katika orodha ya bweni la wasichana. Wazazi wengi wanalijua, na wanafunzi wengine wamelisikia nusu nusu. Kosa lenyewe lilikuwa la saini na kosaini, na aliyenifundisha maana yake, baada ya mzazi mmoja kunifumbua macho, ni huyu al-Biruni. Nitalieleza mahali pake bila kuficha. Kwanza tumsikilize mwenye maisha.

UTOTO NA ELIMU

Al-Biruni alizaliwa mwezi wa Septemba mwaka 973, katika mji wa Kath, nchi ya Khwarazm. Siku hizi mahali hapo pamo katika nchi ya Uzbekistan, na mji mmoja wa huko unaitwa Beruniy kwa heshima yake. Jina lake latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya nje, kwa kuwa kwao kulikuwa nje ya mji. Basi alikuwa mtoto wa pembeni, kama wengi wetu tuliotoka vijijini.

Bahati yake ilikuwa kumpata mwalimu mwema. Huyo ni Abu Nasr Mansur, mtu wa ukoo wa watawala wa Kath, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa elimu ya pembetatu. Mwalimu na mwanafunzi walishikana maisha yao yote, hata baadaye Abu Nasr akawa anaandika vitabu kwa ajili ya mwanafunzi wake. Mwalimu asiyeona haya kuandika kwa ajili ya mwanafunzi wake ni mwalimu wa kweli.

Al-Biruni alipokuwa na umri wa miaka 17 hivi, alichukua pete iliyotiwa alama za digrii, akapima urefu wa jua juu ya Kath, na kutokana na pembe hiyo akapata latitudo ya mji wake. Miaka michache baadaye akatengeneza duara la kupimia lenye upana wa dhiraa 15, apate kulichungua jua la kiangazi. Lakini hakudumu nalo. Mwaka 995 vita vilizuka, mtawala wa Kath akapinduliwa na mtawala wa Gurganj, na kijana wetu akakimbia kuokoa roho yake.

VITA NA UHAMISHO

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alifika Rayy, karibu na Tehran ya leo, akiwa hana kitu. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba mjini humo mjuzi mmoja wa nyota alimdharau na kuyabeza maneno yake kwa sababu ya umaskini wake tu. Hali yake ilipopata nafuu, mtu yule yule akageuka kuwa rafiki. Wanafunzi mnaokuja shule na viatu vilivyotoboka, likumbukeni jambo hili.

Hata hivyo hakuacha kazi. Mwezi wa Mei mwaka 997 alikuwa amerudi Kath, naye alifanya mpango na mwanachuoni Abu al-Wafa aliyekuwa Baghdad. Usiku mmoja mwezi ungepatwa, na kila mmoja angeandika saa ya kupatwa kwa mahali pake. Mwezi hupatwa mara moja kwa watu wote wanaouona, lakini saa za miji hutofautiana. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa saa moja, au digrii 1 kwa dakika 4. Kwa hiyo tofauti ya saa zao iliwapa tofauti ya longitudo kati ya Kath na Baghdad. Watu wawili wasiokuwa na simu wala redio waliipima nchi kwa kuutazama mwezi mmoja.

Yapata mwaka 1000 alikuwa katika mji wa Gurgan, kusini mashariki mwa Bahari ya Kaspi, naye akamtungia mtawala wa huko kitabu kikubwa juu ya kalenda na sikukuu za mataifa mengi. Alikuwa na umri wa miaka 27 tu. Siku hizo za ujana alibishana pia kwa barua na Ibn Sina, yule tabibu mashuhuri, ambaye kwa umri alikuwa mdogo wake. Al-Biruni alimpelekea maswali 18 juu ya mafundisho ya Aristotle. Majibu yalipomfikia hakuyameza. Aliyapima moja moja na kuyarudisha na pingamizi.

UBAO NA TIMAZI

Baadaye alirudi kwao Khwarazm na kumtumikia mtawala mpya kama mshauri. Lakini mwaka 1017 Sultani Mahmud wa Ghazna, mtu mwenye jeshi la kutisha, aliiteka nchi ile. Wanachuoni walichukuliwa pamoja na nyara. Al-Biruni na mwalimu wake Abu Nasr walipelekwa Ghazna, mji ulio katika Afghanistan ya sasa. Kama alikuwa mfungwa au mtumishi, wenye historia hawakubaliani. Ila ni hakika kwamba hakuwa na ruhusa ya kwenda apendako.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1018 alijikuta katika kijiji kimoja karibu na Kabul. Mambo yake yalikuwa mabaya na hakuwa na chombo hata kimoja. Mtu mwingine angelala na kulia. Yeye alichukua ubao wake wa kufanyia hesabu, akaugeuza nyuma, akachora upinde wa duara na kuugawanya kwa digrii, akaning'iniza timazi, akapima urefu wa jua. Wanafunzi wanaonijia wakisema hawakufanya zoezi kwa kuwa bikari imepotea, nawaomba wasome aya hii mara mbili.

KULISOMA JEDWALI KINYUMENYUME

Sasa lazima niseme kidogo juu ya hesabu yenyewe, maana bila ya hiyo hatutamjua mtu huyu.

Ninyi mnalo jedwali la saini katika kitabu chenu cha majedwali. Mkiwa na pembe ya digrii 30, mnatafuta na kupata 0.5. Huko ni kwenda mbele. Lakini mpimaji mara nyingi ana shida ya upande wa pili. Amepima urefu na umbali, amegawanya, amepata 0.5, na asichokijua ni pembe. Hapo hulisoma jedwali kinyumenyume: huitafuta 0.5 kati ya majibu, kisha hutazama pembeni aone ni pembe gani yenye saini hiyo. Hicho ndicho kinyume cha saini. Waarabu wa zamani waliita kutafuta upinde wa saini. Vivyo hivyo kipo kinyume cha kosaini na kinyume cha tanjenti.

Al-Biruni aliishi katika majedwali haya. Kitabu chake kikubwa cha falaki kina majedwali ya saini na ya tanjenti, pamoja na njia za kukadiria namba iliyo katikati ya mistari miwili. Aliandika pia kitabu kizima juu ya vivuli, kwa sababu kivuli cha mti uliosimama hueleza pembe ya jua, na pembe ya jua hueleza saa za sala. Humo alisimulia habari za mtu wa dini aliyekataa kutumia chombo kizuri cha kujulia saa za sala kwa kuwa kilikuwa na majina ya miezi ya Warumi. Al-Biruni alimshangaa, maana Warumi nao hula chakula na kutembea kwa miguu, wala hatuachi kula na kutembea kwa ajili hiyo. Elimu haina kabila.

MLIMA WA NANDANA

Sultani Mahmud alikuwa akishambulia Bara Hindi mara kwa mara, na al-Biruni alifika huko. Katika ngome ya Nandana, ambayo leo imo katika Punjab ya Pakistan, aliona mlima umesimama juu ya uwanda mpana uliosawazika kama meza. Moyo wake ukaruka, kwa sababu alikuwa akitafuta mahali kama hapo kwa muda mrefu.

Karibu na mwaka 830, Khalifa Ma'mun wa Baghdad alikuwa amewatuma wapimaji jangwani. Walitembea na kamba kaskazini na kusini mpaka nyota ikabadilika kwa digrii moja, wakapima mwendo wao. Ilikuwa kazi ya watu wengi. Al-Biruni alitaka kuipima dunia peke yake, bila kutembea jangwani.

Kwanza alipima kimo cha mlima kwa kuutazama kutoka chini kwa pembe, akapata kama dhiraa 652. Kisha akapanda kileleni na kutazama ukingo wa dunia, pale mbingu na nchi zinapoonekana kukutana. Mtu aliye juu ya mlima hulazimika kuinamisha macho kidogo ili auone ukingo huo, na pembe ya kuinama ndiyo aliyoitaka. Ilikuwa dakika 34, yaani zaidi kidogo ya nusu ya digrii.

Chora duara, vuta mstari unaoligusa, nawe utaona pembetatu yenye pembe mraba. Upande mmoja ni nusu kipenyo cha dunia. Upande mrefu ni nusu kipenyo hicho pamoja na kimo cha mlima. Kosaini ya pembe ile ndogo ni upande wa kwanza ukigawanywa kwa wa pili. Kimo unakijua, pembe unaijua, kilichobaki ni hesabu ya Kidato cha Tatu. Jibu lake lilikuwa karibu na lile la wapimaji wa Khalifa, naye akaridhika.

Haifai kumsifu mtu kupita kiasi. Pembe ya dakika 34 ni ndogo mno, hata mtu akikosea dakika 1 tu, jibu lote huyumba kwa kiasi cha sehemu 6 kwa 100, yaani kilomita 370 hivi katika nusu kipenyo cha dunia. Tena mwanga hupinda ukipita hewani, na pembe iliyoonekana si ile ya kweli kabisa. Al-Biruni naye hakuliona jibu lake kuwa la kutosha peke yake, ndiyo maana akalilinganisha na kipimo cha wengine waliofuata njia nyingine.

KIBLA CHA GHAZNA

Kazi yake kubwa ya siku hizo ilikuwa kitabu alichokimaliza mwaka 1025 juu ya kupima mahali pa miji. Shabaha ilikuwa moja: watu wa Ghazna wajue kwa hakika upande wa kuelekea Makka wanaposali. Kwa hilo alihitaji latitudo na longitudo za miji yote miwili.

Latitudo ni rahisi, jua huisema. Longitudo ni ngumu, na mwezi haupatwi kila siku. Kwa hiyo alipita njia nyingine. Alipanga miji kama shanga katika uzi, kutoka Baghdad hadi Ghazna, akachukua umbali wa mji hadi mji kwa hesabu za misafara. Lakini alijua kwamba njia ya ngamia haiendi moja kwa moja. Huzunguka mlima, hufuata kisima. Kwa sababu hiyo alipunguza sehemu ya mwendo, kama moja ya sita kwa njia nyingine, apate umbali ulionyoka. Kisha kwa umbali na latitudo akazitafuta pembe za longitudo, hatua kwa hatua. Mwisho alipata tofauti kati ya Baghdad na Ghazna, na kosa lake, tukilipima kwa ramani za leo, halikufika nusu ya digrii. Alifanya hayo kwa wino, karatasi na majedwali. Na kibla chenyewe alikitafuta kwa njia zaidi ya moja, ili njia moja imshuhudie mwenzake.

BARA HINDI NA PWANI YETU

Akiwa katika nchi za Bara Hindi alijifunza Kisanskriti, lugha ngumu ya vitabu vya Wahindi, naye alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 40. Karibu na mwaka 1030 alimaliza kitabu kikubwa juu ya dini, desturi, hesabu na jiografia ya watu wale. Hakuandika ili kuwatukana. Alieleza yale wanayoyaamini kama wao wenyewe wanavyoyaeleza, na hakusita kuandika kwamba vita vya Sultani, bwana wake mwenyewe, vilikuwa vimeiharibu neema ya nchi na kuwatawanya watu wake. Kuandika hivyo chini ya mtawala mkali kulihitaji moyo.

Katika kitabu hicho imo habari inayotuhusu sisi. Alipoeleza sababu ya umaarufu wa Somnath, alisema kwamba ilikuwa bandari ya mabaharia waliosafiri kati ya Sufala katika nchi ya Zanj na Uchina. Zanj ndiyo pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, na Sufala ni Sofala ya Msumbiji. Mtu aliyekaa milimani mwa Afghanistan alijua kwamba majahazi ya huku kwetu yanafika huko. Aliamini pia kwamba bahari ya Hindi inaungana na bahari ya magharibi upande wa kusini wa Afrika, wakati ambapo wengi walishika maneno ya Ptolemy kwamba imezungukwa na nchi kavu.

KOSA LANGU

Sasa nilipe deni langu.

Bweni letu la wasichana lina vitanda 48, na mwaka jana walioomba walikuwa 131. Mkuu wa Shule aliamua, na Bodi ikakubali, kwamba watakaotoka mbali zaidi wapewe kwanza. Walimu wa madarasa wakaandika latitudo na longitudo ya kila nyumba kwa kutumia simu, zote zikaingizwa katika hifadhidata ya shule, yaani daftari lile la kompyuta linalojibu ukiliuliza. Mimi nikapewa kazi ya kuliuliza swali: kila msichana anakaa kilomita ngapi kutoka shuleni?

Kanuni yake ni ya jamaa za al-Biruni. Unazidisha saini za latitudo mbili. Unazidisha kosaini zake pamoja na kosaini ya tofauti ya longitudo. Unajumlisha. Kisha unatafuta kinyume cha kosaini, ndiyo pembe kati ya mahali pawili ukitazama kutoka kitovu cha dunia. Pembe hiyo ukiizidisha kwa kilomita 6,371 unapata umbali.

Mara ya kwanza kompyuta iligoma. Nilitafuta sana, nikagundua kwamba binti wa mwalimu mwenzetu, anayekaa humu humu shuleni, aliandikiwa mahali pale pale pa shule. Kwake jumla ilipasa kuwa 1 kamili, lakini kompyuta hukata tarakimu za mwisho, ikatokea zaidi ya 1 kwa chembe ndogo kabisa. Hakuna pembe yenye kosaini inayozidi 1, basi ikakataa kujibu. Niliiamuru ihesabu kila kinachozidi 1 kuwa ni 1, ikaendelea. Nikajiona hodari.

Mara ya pili ilijibu, lakini msichana wa kilomita 7 aliandikiwa zaidi ya 400. Nikaona namba zimezidi kama mara 57. Hapo ndipo nilipopotea. Badala ya kuuliza kwa nini, niligawanya kila jibu kwa 57.3. Nikajaribu kwa vijiji vitatu ninavyovijua katika barabara ya kaskazini, vyote vikawa sawa. Nikapiga chapa orodha, ikabandikwa.

Siku ya nne mzee mmoja alikuja ofisini kwa baiskeli. Chini ya mkono alikuwa na vitabu vya shule vimefungwa katika kipande cha kanga. Alisalimu kwa adabu, akakaa, akaviweka mezani. Alikuja kuvirudisha. Binti yake wa Kidato cha Kwanza alikuwa akiondoka nyumbani saa kumi usiku, na mzee akimsindikiza nusu ya njia, lakini sasa afya yake haimruhusu tena, na njia ni ya pori. Alikuwa ametumaini kitanda. Orodha ilisema kwamba anakaa kilomita 3 na nusu. Hakugomba. Aliona tu kwamba serikali imepima, naye hana la kusema.

Nilimwomba anionyeshe kwao katika ramani. Ilikuwa kilomita 12, mashariki.

Usiku ule sikulala. Kompyuta haijui digrii. Inajua radiani tu, na radiani 1 ni zaidi ya digrii 57. Nilikuwa nimeipa digrii 5, ambayo ni latitudo yetu kusini mwa Ikweta, nayo ikaichukua kuwa radiani 5. Kosaini ya digrii 5 ni karibu 1. Kosaini ya radiani 5 ni 0.28 tu. Kosaini hiyo ndiyo inayopima mwendo wa mashariki na magharibi. Kwa hiyo kugawanya kwangu kulisahihisha kaskazini na kusini, lakini kila aliyekaa mashariki au magharibi nilimsogeza shuleni hadi karibu robo ya umbali wake. Nami nilikuwa nimejaribu upande wa kaskazini peke yake!

Nilisahihisha kwa neno moja, kuiamuru igeuze digrii kuwa radiani kabla ya yote. Majina 9 yakabadilika, na lile la binti yule likawa la juu kabisa miongoni mwa hayo. Ndipo nikakumbuka ngamia wa al-Biruni. Kanuni hii hupima mstari ulionyoka kama wa ndege, nao watoto wetu si ndege. Yupo aliyekuwa kilomita 6 kwa mstari, ila lazima azunguke mto mpaka darajani. Al-Biruni aliipunguza njia apate mstari. Sisi tulipaswa kuuongeza mstari tupate njia. Basi kwa wale walioachana kwa kilomita chache karibu na mpaka wa 48, walimu wawili walipanda pikipiki, wakapima barabara yenyewe. Wawili zaidi wakabadilika.

Katika mkutano wa wazazi nilisimama nikaeleza kosa langu mbele ya watu wote. Wasichana waliopoteza vitanda walilia, na mzazi mmoja aliniambia maneno makali niliyostahili. Lakini vitabu vilivyofungwa kwa kanga vilirudi kwa mwenyewe, na mwenyewe sasa yuko Kidato cha Pili.

MWISHO WA SAFARI

Turudi Ghazna. Sultani Mahmud alifariki mwaka 1030, na mwanawe Mas'ud akawa na upole zaidi kwa al-Biruni. Kwake alitunga kile kitabu kikubwa cha falaki, na husimuliwa kwamba Sultani alimpelekea mzigo wa fedha wa kubebwa na tembo, naye akaurudisha hazina kwa kuwa hakuwa na haja nao. Aliendelea kuandika juu ya vito na madini na uzito wao, na uzeeni, macho na masikio yakiwa yamechoka, alitunga kitabu cha dawa kwa msaada wa tabibu mmoja. Vitabu vyake vyote vilizidi 140. Vingi vimepotea. Leo shimo moja katika uso wa mwezi limepewa jina lake, ule ule mwezi aliougawana na mwenzake wa Baghdad.

Alifariki Ghazna karibu na mwaka 1050, akiwa amepita miaka 75. Husimuliwa kwamba alipokuwa katika pumzi za mwisho, rafiki yake mwanasheria alikuja kumwona. Al-Biruni akamkumbusha suala moja la hesabu ya mirathi waliyowahi kulizungumza, akataka aelezwe tena. Rafiki alimhurumia, akaona si wakati wake. Mgonjwa akamfahamisha kwamba ni afadhali aiache dunia akilijua kuliko kuiacha hali halijui. Akaelezwa, akalirudia, akalihifadhi. Rafiki alipotoka na kufika njiani, akasikia kilio nyumbani.

Wanafunzi wangu, jibu likija kubwa mno au dogo mno, msiligawanye ili lipendeze. Ulizeni kwa nini. Kisha lipimeni kwa njia ya pili, na upande wa pili, kama alivyofanya mzee wetu wa Ghazna. Nyuma ya namba huenda yuko mtoto anayetembea gizani.